Fondesheni ya kung'aa: inamfaa nani Dar es Salaam?

Jumamosi asubuhi, saluni za Sinza, Mwananyamala, Tandika na Mbagala hujaa mapema. Yupo bi harusi na msimamizi wake, yupo mama mzazi, wapo mabinti wanaokwenda kwenye kitchen party ya rafiki yao, na wengi wao wamekuja na picha kwenye simu: uso laini, wenye unyevu, unaong'aa mashavuni na puani. Mara nyingi picha hiyo imepigwa studio, chini ya taa zilizopangwa, penye kiyoyozi. Mteja wa Mbagala atatoka saluni saa nane mchana, atapanda bajaji, atapita kwenye foleni, kisha atakaa ukumbini mpaka saa sita usiku. Fondesheni ya kung'aa inapimwa ndani ya saa hizo kumi, si kwenye kioo cha saluni.

Dukani mteja hupewa jibu fupi: ngozi kavu chukua ya kung'aa, ngozi ya mafuta achana nayo. Jibu hilo si la uongo, ila limeacha nusu ya habari. Haligusi hewa ya pwani, rangi ya mteja, taa za ukumbini, wala mkorogo ambao huenda umeshapita kwenye ngozi hiyo. Ndiyo maana wanawake wawili wenye ngozi ya aina moja hununua chupa ileile, mmoja akasifiwa, mwingine akarudi nyumbani uso umeyeyuka.

Mng'ao unatoka wapi

Fondesheni yoyote ya maji ina sehemu chache za msingi. Kuna maji, kuna mafuta au silikoni, kuna gliserini au kitu kingine cha kuvuta na kutunza unyevu, na kuna rangi. Karibu shedi zote sokoni hujengwa kwa rangi nne: oksidi za chuma nyekundu, njano na nyeusi, pamoja na nyeupe ya titani dioksidi.

Fondesheni isiyong'aa, ile ambayo wapambaji huiita mati, huongezewa silika, kaolini au talki. Unga huo hunyonya mafuta na kutawanya mwanga kila upande, hivyo vinyweleo na mikwaruzo midogo havionekani sana. Ya kung'aa hufanya kinyume chake. Hupunguziwa unga wa kunyonya, huongezewa mafuta na vitunza unyevu, na mara nyingi hutiwa maika, madini yanayosagwa kuwa vipande bapa vyembamba sana na kurudisha mwanga kama vioo vidogo. Madini haya si mageni nchini. Yaliwahi kuchimbwa katika milima ya Uluguru, Morogoro, tangu enzi za Wajerumani.

Kwa hiyo mng'ao una asili tatu: maji, mafuta na madini. Wa maji hupendeza, lakini hukauka. Wa mafuta hudumu, lakini huhama. Ulianzia shavuni, jioni unakutwa kwenye mikunjo ya pua. Wa madini haukauki, ila ukiwa mwingi au ukiwa wa rangi isiyofaa huonekana kama chengachenga juu ya uso. Chupa mbili zinaweza kuandikwa neno moja la kung'aa, na moja ikawa imejaa mafuta, nyingine imejaa maika. Mteja anayejua tofauti hiyo ameshaepuka nusu ya hasara.

Hewa ya Dar ina neno lake

Februari na Machi, joto la mchana Dar es Salaam hufika nyuzi 32 na kuendelea, na hewa hubeba unyevu mwingi wa bahari. Jasho likitoka kwenye hewa ya namna hiyo halikauki haraka; hukaa juu ya ngozi. Likichanganyika na mafuta ya uso linaingia chini ya fondesheni na kuilegeza, kwanza kwenye paji la uso, pembeni mwa pua na juu ya mdomo. Fondesheni ya kung'aa, ambayo tayari ina mafuta mengi na unga kidogo, haina cha kunyonyea.

Juni hadi Agosti, upepo wa kusi unapovuma, mambo hubadilika. Usiku joto huweza kushuka hadi karibu nyuzi 19, mchana hewa ni nyepesi zaidi, na hata mwenye ngozi ya mafuta anaweza kuvaa fondesheni ya kung'aa kwa saa kadhaa bila kuaibika. Chupa iliyomfaa mtu mwezi Julai si lazima imfae Machi, na mwenye uwezo wa kununua moja tu kwa mwaka aifikirie miezi ile mibaya kwanza.

Halafu kuna hewa nyingine inayosahaulika: kiyoyozi. Karani anayetoka Tandika au Kimara kwenda ofisini Posta huishi katika hali mbili za hewa kwa siku moja. Kwenye daladala anatoka jasho. Ofisini anakaa saa nane katika hewa baridi iliyokaushwa, inayonyonya maji ya ngozi. Huyu anaweza kuwa na uso wa mafuta asubuhi na mashavu yaliyokakamaa saa tisa alasiri. Mama lishe anayesimama mbele ya jiko sokoni ana tatizo lingine kabisa, hata kama daktari angesema ngozi zao ni za aina moja.

Kila ngozi na hesabu yake

Ngozi kavu ndiyo inayofaidika zaidi. Ikipakwa mati hukwaruzika: unga hujikusanya kwenye magamba madogo, pembeni mwa mdomo na kati ya nyusi, na uso huonekana umepauka. Fondesheni ya kung'aa hulainisha sehemu hizo, na gliserini iliyomo hushika unyevu wa hewa ya Dar badala ya kupambana nao. Hasara yake ni kwamba haifuniki sana. Mwenye madoa atayaona bado yapo.

Vitongoji vya nje vina sababu yao ya kukausha ngozi, nayo ni maji. Sehemu nyingi za Temeke, Mbagala na Kigamboni zimezoea maji ya visima, na mengi yana chumvi. Sabuni haitoi povu vizuri katika maji hayo. Mtu huongeza sabuni, husugua zaidi, na uso hubaki umekaza. Akienda dukani ataambiwa ana ngozi kavu. Kabla ya kununua fondesheni, huyu anahitaji sabuni laini au kisafishio kisicho na povu, suuza ya mwisho ya maji ya bomba au ya mvua, na mafuta ya kupaka ngozi ikiwa bado mbichi. Wengi wakifanya hivyo hugundua kwamba hawahitaji mng'ao wa chupa kwa kiasi walichodhani.

Ngozi ya mafuta ndiyo yenye hatari kubwa zaidi ya kuharibikiwa, lakini haistahili kupigwa marufuku. Ngozi hii ina mng'ao wake, nao utatokea tu saa mbili tatu baada ya kupakwa, mtu atake asitake. Ikiongezewa mng'ao wa mafuta, uso huteleza. Njia inayofanya kazi ni kuvaa mati nyepesi usoni kote, kisha kuweka tone la fondesheni ya kung'aa juu ya mashavu pekee, mahali ambapo tezi za mafuta ni chache kuliko kwenye paji la uso na pua. Jasho likija, dawa si kurundika poda juu ya jasho. Karatasi laini ibandikwe, mafuta yanyonywe, ndipo poda kidogo ipite. Poda juu ya mafuta mabichi hufanya utando unaopasuka mbele ya wageni.

Wenye ngozi mchanganyiko, yaani mafuta katikati ya uso na ukavu mashavuni, ni wengi mjini, na kwao kanuni ni hiyohiyo ikigeuzwa: ya kung'aa usoni kote kwa utando mwembamba, poda katikati tu.

Ngozi yenye chunusi inadai ukweli. Mwanga unaorudi kutoka kwenye uso unaong'aa huonyesha kila kinundu, kwa kuwa kila kinundu hupata upande wa mwanga na upande wa kivuli. Rangi ya chunusi inaweza kufichwa kwa konsila. Umbo lake haliwezi. Mati husamehe zaidi hapa. Lakini zile alama nyeusi zinazobaki baada ya chunusi kupona, ambazo ngozi nyeusi huzipata kwa wingi, hazina nundu. Zikifunikwa moja moja kwa konsila, fondesheni nyepesi ya kung'aa juu yake hupendeza kuliko tabaka nene la mati. Wanaoanza kwa mafuta ya nazi chini ya fondesheni ili wang'ae zaidi wajue kwamba mafuta hayo huziba vinyweleo vya watu wengi wenye chunusi. Yanafaa nywele na mwili; usoni kwao yana gharama.

Ngozi inayowasha kirahisi haina ugomvi na mng'ao wenyewe. Ugomvi wake ni na manukato yaliyomo, na wakati mwingine na bismuthi oksikloridi, kiungo cha kuleta mng'ao wa lulu ambacho huwawasha baadhi ya watu wakitoka jasho. Jina lake likiwa kwenye lebo, mhusika ajaribu kidogo nyuma ya sikio kwa siku mbili kabla ya siku ya shughuli.

Wanawake wa makamo, mama wa bi harusi na shangazi zake, mara nyingi hupakwa vibaya kuliko wote. Mpambaji huwawekea mati nene na poda nyingi ili picha itoke vizuri, na matokeo yake kila mkunjo unachorwa. Fondesheni yenye mng'ao wa unyevu, isiyo na chengachenga, ndiyo yao. Maika yenye chembe kubwa hapana. Hukaa kwenye mikunjo na kuitangaza.

Ngozi zilizoachwa nje ya mazungumzo

Haiwezekani kuzungumzia uso unaong'aa mjini bila kutaja mkorogo. Zebaki na hydroquinone zimepigwa marufuku katika vipodozi nchini, lakini krimu za kuchanganywa, nyingine zenye steroidi kali, bado zinapakwa. Steroidi hupunguza unene wa ngozi, huleta mishipa ya damu inayoonekana, na chunusi zinazotoka kwa pamoja. Hydroquinone ikitumiwa muda mrefu inaweza kuacha weusi wa kudumu mashavuni. Mwenye ngozi hiyo huvutwa na fondesheni ya kung'aa kwa sababu inaahidi afya ambayo ngozi imepoteza. Haiwezi kuirudisha. Mwanga juu ya ngozi iliyochubuliwa huonyesha wekundu na mishipa. Ushauri wa kweli kwake ni kliniki ya ngozi, Muhimbili au hospitali ya rufaa iliyo karibu, na asiache steroidi ghafla bila kuongozwa na daktari, maana ngozi inaweza kulipuka.

Watu wenye ualbino nao huulizia fondesheni, na maduka mengi huwa hayana shedi yao, au huwauzia nyeupe yenye maika ya fedha inayowafanya waonekane wamepakwa chokaa. Kwao swali la kwanza ni jua. Baadhi ya fondesheni za kung'aa huandikwa kinga ya SPF 15. Kipimo hicho hupatikana maabara kwa kupaka miligramu 2 kwa kila sentimita ya mraba, kiasi ambacho hakuna anayekipaka akitaka uso mwepesi. Hivyo fondesheni haichukui nafasi ya losheni ya jua. Kilisun, losheni inayotengenezwa Moshi kwenye kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichopo hospitali ya KCMC, ilibuniwa kwa ajili yao. Ipakwe kwanza, ikae, ndipo mapambo yafuate.

Wenye ngozi nyeusi nao wanapata faida moja isiyosemwa sana. Oksidi za chuma zilizo kwenye fondesheni ya rangi huzuia sehemu ya mwanga unaoonekana, mwanga ambao huzidisha weusi wa madoa kwenye ngozi nyeusi. Fondesheni nyepesi isiyo na rangi ya kutosha hukosa faida hiyo.

Rangi kabla ya mng'ao

Kwa miaka mingi kampuni kubwa hazikumtengenezea mwanamke wa Afrika Mashariki shedi yake. Iman, mwanamitindo mzaliwa wa Mogadishu aliyegunduliwa mwaka 1975 akiwa mwanafunzi Nairobi, amesimulia jinsi alivyofika kwenye kazi zake za mwanzo Marekani na kuulizwa kama amekuja na fondesheni yake mwenyewe. Alijifunza kuchanganya rangi, na mwaka 1994 akaanzisha kampuni yake ya vipodozi. Mwaka 2016 Maybelline ilimchukua mwanamitindo Mtanzania Herieth Paul kuwa mmoja wa sura zake. Mwaka 2017 Fenty Beauty ya Rihanna ilianza na shedi 40, kampuni nyingine zikalazimika kuongeza zao. Fenty ilipoingia rasmi Afrika Mei 2022, Kenya ilikuwemo kati ya nchi 8 za mwanzo, Tanzania haikuwemo.

Matokeo yako kwenye fremu za Kariakoo, Mwenge na Tandika. Shedi za katikati zimejaa. Zile za mweusi tii ni mbili au tatu, na za kung'aa ni chache zaidi. Mwanamke wa maji ya kunde anapata chaguo. Mwenzake mweusi anauziwa iliyo karibu, na mara nyingi iliyo karibu ni nyeupe zaidi. Kosa hilo kwenye mati huonekana kama kinyago. Kwenye fondesheni ya kung'aa huonekana kama majivu, kwa sababu titani dioksidi nyingi pamoja na maika ya fedha hutoa kijivu juu ya ngozi nyeusi. Ngozi nyeusi inapendeza na mng'ao wa dhahabu, shaba au wekundu wa kutu.

Kipimo chake ni rahisi na hakigharimu kitu. Mteja apake mistari mitatu ya shedi tatu kwenye taya, kuanzia shavuni kushuka shingoni, si nyuma ya mkono. Kisha atoke nje ya fremu, maana taa nyeupe za dukani hudanganya. Asimame kivulini penye mwanga wa mchana, asubiri kama dakika 15, kwa kuwa fondesheni nyingi hukolea zikikutana na mafuta ya ngozi. Mstari unaopotea ndio wake. Kama mstari umepotea lakini umeacha vumbi la fedha, chupa irudi kwenye kabati.

Taa, kamera na chupa yenyewe

Sherehe ya Dar ni ya kamera. Flashi hupiga mwanga kutoka mbele moja kwa moja, na kila chembe ya maika inaurudisha. Mng'ao uliokuwa mzuri kwenye kioo hugeuka mabaka meupe kwenye paji la uso. Poda nyeupe ya silika na fondesheni zenye titani nyingi huleta balaa lao: uso mweupe, shingo nyeusi. Mpambaji makini hupiga picha mbili kwa flashi kabla mteja hajaondoka. Ni dakika moja ya kazi, na huokoa albamu nzima.

Chupa nayo ichunguzwe. Sheria ya Chakula, Dawa na Vipodozi ya mwaka 2003 iliweka vipodozi chini ya Mamlaka ya Chakula na Dawa, TFDA. Tangu mwaka 2019 jukumu hilo liko kwa Shirika la Viwango Tanzania, TBS. Chupa yenye lebo isiyo na orodha ya viungo, namba ya toleo wala tarehe ya mwisho haifai kununuliwa, hata kama jina juu yake ni kubwa. Jina kubwa likiuzwa kwa bei ya mkaa wa siku mbili, liogopwe. Mchoro wa kopo lililofunguliwa wenye 6M au 12M unaonyesha miezi ya matumizi baada ya kufungua, na fondesheni ya kung'aa, kwa mafuta yake mengi, huharibika upesi ikipangwa juani mbele ya duka. Ikinuka kama mafuta ya kupikia yaliyokaa, au ikijitenga na kukataa kuchanganyika hata ikitikiswa, imekufa. Sponji ya saluni inayopita nyuso kumi bila kuoshwa huhamisha vijidudu kuliko fondesheni yoyote mbaya.

Hukumu, basi, ni hii. Fondesheni ya kung'aa iwe chaguo la kwanza kwa ngozi kavu, kwa wa makamo, na kwa anayeshinda kwenye kiyoyozi. Kwa ngozi ya mafuta iwe kiungo cha mashavuni, si nguo ya uso mzima, na zaidi miezi ya kusi; kwa ngozi mchanganyiko iwe utando mwembamba, na poda katikati tu. Mwenye chunusi mbichi asubiri. Mwenye madhara ya mkorogo amwone daktari kabla ya mpambaji. Na wenye maduka ya vipodozi, kuanzia Tegeta hadi Mbagala, wana deni kwa wateja wao: waagize shedi za weusi kwa wingi uleule wanaoagizia nyingine, kwa sababu wanaoingia dukani mwao kila siku ndio wenye rangi hiyo.